Bei ya Risasi za Marisau: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Mkazi wa katikati ya Dar es Salaam hahitaji kufundishwa kwamba bei hubadilika. Aliyenunua balbu, viatu au vipuri Kariakoo mwezi uliopita, akirudi mwezi huu huenda akakuta bei nyingine, na akiuliza sababu hujibiwa kwa maneno mawili: dola imepanda. Jibu hilo mara nyingine ni la kweli. Mara nyingine ni kichaka cha kujifichia. Kazi ya mlaji ni kujua lini ni kweli na lini si kweli.

Katika sura hii tunaeleza bidhaa yenye wanunuzi wachache, lakini ambayo kupanda kwa bei yake kumeleta maswali mengi kuliko idadi ya wanunuzi hao: risasi za bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani. Wanaozitumia kihalali ni wachezaji wa mchezo wa kulenga visahani, wawindaji wenye vibali, baadhi ya wakulima wanaolinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu, na kampuni za ulinzi. Kupitia kampuni hizo, gharama ya risasi humfikia hata mwenye duka ambaye hajawahi kushika bunduki.

Mchezaji wa visahani ndiye anayeumia zaidi. Mwindaji aweza kutumia risasi chache kwa msimu mzima. Mlenga visahani huzitumia kama mpishi atumiavyo mkaa, kwani kila zoezi huanza na lundo jipya. Duru moja ya mchezo huu huwa na visahani 25. Anayepiga duru nne kwa mwezi amemaliza risasi 100, na hajawa bado mshindani wa kutajwa. Bei ikipanda, wapo wanaopunguza mazoezi, wapo wanaoacha, na wapo wanaoanza kusikiliza watu wenye njia za mkato. Kundi hili la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Tunataka msomaji akimaliza sura hii aweze kutenganisha mambo matatu: ongezeko la bei lenye sababu, ongezeko lisilo na sababu, na unafuu ulio hatari kuliko ughali wenyewe.

Kilichomo ndani ya risasi moja

Huwezi kupima haki ya bei usipojua unanunua nini. Risasi ya marisau ina sehemu tano. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la plastiki, likiwa na kitako cha chuma chenye rangi ya shaba. Ya pili ni fataki, kidude kidogo katikati ya kitako ambacho hulipuka kinapogongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kikombe cha plastiki kinachotenga baruti na marisau. Ya tano ni marisau yenyewe, yaani gololi ndogo za madini ya risasi.

Lugha yetu imehifadhi jambo moja la maana hapa. Neno risasi ni jina la madini na pia ni jina la kitu kinachofyatuliwa, kwa sababu cha pili kilitengenezwa kwa cha kwanza. Kwa hiyo mlaji anapoambiwa kwamba risasi imepanda, ana haki ya kuuliza: ni madini yaliyopanda, au ni bei ya boksi?

Tufanye hesabu. Boksi la kawaida lina risasi 25. Risasi inayotumiwa sana katika mchezo wa visahani hubeba gramu 28 za marisau. Boksi zima, basi, lina gramu 700 za madini. Katika miaka ya karibuni bei ya tani moja ya madini haya katika Soko la Metali la London imekuwa ikizunguka dola 2,000, yaani dola mbili kwa kilo. Madini yaliyomo ndani ya boksi zima yana thamani ya dola moja na senti 40 hivi. Yakipanda kwa asilimia kumi, boksi linapaswa kuongezeka senti 14 za dola, ambazo ni shilingi mia chache tu. Anayeongeza maelfu ya shilingi kwa hoja ya madini pekee hajatoa sababu ya kutosha.

Kwa nini bei imepanda huko zinakotoka

Hata hivyo, zipo sababu za kweli, na haki inatutaka tuzieleze.

Ya kwanza ni baruti. Baruti ya kisasa haitengenezwi kwa makaa na kiberiti kama ile ya magobore. Kiini chake ni nitroselulosi, ambayo hupatikana kwa kuchakata nyuzi za pamba au massa ya miti kwa asidi ya nitriki. Nyuzi zinazofaa ni zile fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, na viwanda vya Ulaya vimekuwa vikitegemea sana nyuzi hizo kutoka China. Vita vya Ukraine vilipopanuka Februari 2022, majeshi ya nchi nyingi yalianza kuagiza risasi na makombora kwa wingi. Kiwanda cha baruti kikiwa na oda ya jeshi na oda ya wanamichezo, hakichukui muda mrefu kuamua kipi kitangulie. Baruti ya wanamichezo ikapungua, na bei ikapanda.

Ya pili ni fataki. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, wananchi wengi wa Marekani walinunua risasi kwa wingi, na fataki zikaadimika duniani. Viwanda vinavyotengeneza fataki ni vichache, na kuongeza uwezo wake si kazi ya mwaka mmoja.

Ya tatu ni antimoni. Madini ya risasi peke yake ni laini mno. Marisau hubonyea yanapopita kwenye mtutu na kutawanyika ovyo. Ili yawe magumu huchanganywa na antimoni kwa asilimia chache. China, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa, iliweka masharti ya kuuza antimoni nje kuanzia tarehe 15 Septemba 2024, na katika mwaka huo bei yake duniani ilipanda zaidi ya maradufu. Kiasi kilichomo katika risasi moja ni kidogo, kwa hiyo ongezeko hili halielezi kila kitu. Lakini linaeleza sehemu, hasa kwa risasi za mashindano zenye marisau magumu.

Ya nne ni mabadiliko ya sheria za mazingira. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku marisau ya madini ya risasi katika maeneo ya ardhi oevu kuanzia tarehe 15 Februari 2023, kwa sababu ndege huyameza na kudhurika. Viwanda vimelazimika kuongeza mitambo ya kutengeneza marisau ya chuma laini na metali nyingine, na gharama hiyo imo ndani ya bei tunayolipa.

Njiani na bandarini

Risasi husafirishwa kama bidhaa hatarishi ya daraja la kwanza, daraja la vitu vya kulipuka. Si kila kampuni ya meli hukubali kuzibeba, na inayokubali hutoza zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliwafanya wenye meli wengi kuacha njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Shehena kutoka Italia au Hispania, ambayo ingepita Suez na kushuka moja kwa moja hadi Dar es Salaam, ikalazimika kulizunguka bara zima. Siku ziliongezeka, mafuta yakaongezeka, na bima ikaongezeka.

Jambo ambalo walaji wengi hawalifahamu ni kwamba nauli hiyo nayo hutozwa kodi. Ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Tuseme gharama ya boksi moja, pamoja na ushuru, ilikuwa shilingi 30,000. Kodi ya asilimia 18 ni shilingi 5,400. Gharama hiyo ikifika shilingi 36,000, kodi inakuwa shilingi 6,480. Kiwango cha kodi hakikubadilika hata kidogo, lakini mlaji ameongezewa shilingi 1,080. Hizi ni tarakimu za mfano, si bei za duka lolote. Lengo letu ni kuonyesha jinsi ongezeko dogo ng'ambo linavyozaa ongezeko kubwa hapa.

Shilingi na dola

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300. Kufikia katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imevuka shilingi 2,600. Boksi lenye bei ya dola nane kiwandani lilitoka shilingi 18,400 hadi shilingi 20,800 bila mwenye kiwanda kuongeza senti moja. Hapa jibu la dola imepanda lilikuwa la kweli kabisa.

Lakini shilingi yetu iliimarika mwishoni mwa mwaka 2024. Mlaji makini aliuliza swali la pili: je, bei ilishuka? Muuzaji aweza kujibu kwamba mzigo ulio dukani aliununua dola ilipokuwa juu. Jibu hilo ni halali, ila lina ukomo wake. Mzigo wa zamani huisha. Mzigo mpya ukiingia kwa dola nafuu na bei ikabaki palepale, mlaji ana sababu ya kuhoji na kwenda kuulizia duka jingine. Tunashauri uandike tarehe na bei ya kila ununuzi katika daftari dogo. Bila kumbukumbu, kila bei huonekana ndiyo ya siku zote.

Kumbuka pia kwamba kwa mujibu wa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025, hairuhusiwi kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na kanuni zenyewe. Muuzaji anayekutajia bei ya boksi kwa dola anakwenda kinyume cha kanuni. Dai bei kwa shilingi.

Jinsi ya kulinganisha bei

Maduka yenye leseni ya kuuza silaha na risasi ni machache, na mahali penye wauzaji wachache mlaji hana budi kuwa mwangalifu zaidi. Mambo matatu yatamsaidia.

Kwanza, linganisha bei ya risasi moja, si ya boksi. Maboksi mengi yana risasi 25, lakini yapo ya risasi kumi, hasa ya kuwindia. Boksi la risasi 25 kwa shilingi 50,000 ni shilingi 2,000 kwa kila risasi. Boksi la risasi kumi kwa shilingi 22,000 laonekana nafuu machoni, kumbe ni shilingi 2,200 kwa kila risasi.

Pili, soma uzito. Kilo moja ya marisau hutosha risasi 41 za gramu 24, risasi 35 za gramu 28, au risasi 31 za gramu 32. Muuzaji aweza kuacha bei ileile na kukuletea risasi nyepesi. Usiposoma boksi, hutatambua kwamba umeongezewa bei kwa mlango wa nyuma. Uzito mdogo si ubovu. Kanuni za mashindano ya Olimpiki zinataka gramu 24, na mabingwa wa dunia huvunja visahani kwa kiasi hicho. Kwa anayejifunza, gramu 24 hutosha, humpunguzia mkupuo begani, na zinapaswa kumpunguzia bei pia. Anayeambiwa kwamba bila gramu 32 hatapata kisahani, anauziwa asichokihitaji.

Tatu, soma namba ya marisau. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo gololi zinavyokuwa ndogo. Kwa visahani hutumika namba 7½ hadi 9, zenye kipenyo cha takriban milimita mbili hadi mbili na nusu. Namba hizi hutofautiana kidogo baina ya nchi na nchi; ukiona milimita zimeandikwa, fuata milimita.

Wachezaji wa klabu moja waweza pia kumwomba muuzaji awape bei ya jumla kwa oda ya pamoja, kila mmoja akinunua kwa jina lake na ndani ya kiasi anachoruhusiwa. Huo ni unafuu halali. Kuagizia kwa jina la mtu mmoja na kugawana baadaye si halali.

Unafuu unaoweza kugharimu maisha

Tunafika penye jambo zito. Bei ya bidhaa halali inapopanda, bidhaa isiyo halali huanza kuonekana nafuu. Mtu atakunong'oneza, pengine katika msongamano wa Kariakoo, pengine kwa simu, kwamba anazo risasi kwa nusu ya bei, bila karatasi, bila maswali.

Risasi si bidhaa ya mezani wala ya begani kwa mmachinga. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayeuza lazima awe na leseni, na anayenunua lazima awe na leseni ya silaha husika. Kukutwa na risasi usizoruhusiwa ni kosa la jinai, na kuwa na leseni ya bunduki hakukuokoi ikiwa risasi zenyewe umezipata kwa njia ya haramu. Shilingi elfu chache ulizookoa zaweza kukugharimu leseni, bunduki na uhuru wako. Isitoshe, risasi zinazouzwa kwa uficho mara nyingi zimetoka kwenye wizi au magendo, na fedha yako ndiyo inayoupa wizi huo soko.

Hata tukiacha sheria kando, kuna usalama wa mwili. Risasi isiyo na boksi lake ni mbuzi kwenye gunia. Hujui ilihifadhiwa wapi, ina baruti kiasi gani, wala imetengenezwa kwa ajili ya mtutu upi. Tutaje hatari tatu zinazojulikana.

Ya kwanza ni kuchanganya vipimo vya mtutu. Risasi ya kipimo cha 20 ni nyembamba kuliko ya kipimo cha 12. Ikiingizwa kimakosa katika bunduki ya kipimo cha 12, huteleza ndani na kukwama kwenye mtutu. Mpigaji akidhani hakuna kitu, akaweka risasi ya 12 na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi mwake. Ndiyo maana viwanda hutengeneza maganda ya kipimo cha 20 kwa rangi ya manjano. Usibebe vipimo viwili katika mfuko mmoja.

Ya pili ni urefu. Bunduki nyingi zina chemba ya milimita 70, nyingine milimita 76. Risasi ndefu ndani ya chemba fupi huongeza mgandamizo kupita kiasi. Urefu huandikwa kwenye bunduki na kwenye boksi. Viwili hivyo lazima vikubaliane.

Ya tatu ni risasi dhaifu. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Usifyatue ya pili. Elekeza mtutu mahali salama, toa risasi, na uhakikishe kwamba mtutu hauna kitu kilichokwama. Risasi ambayo haikulipuka nayo isiondolewe kwa haraka. Subiri, mtutu ukiwa bado umeelekezwa mahali salama, kwani fataki yaweza kuchelewa.

Wapo wanaofikiri kununua akiba kubwa kabla bei haijapanda tena. Usizidishe kiasi unachoruhusiwa. Zaidi ya hayo, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Vitako hushika kutu na fataki hupoteza nguvu zisipotunzwa mahali pakavu. Akiba iliyooza si akiba.

Neno kwa wenye maduka wanaolipia ulinzi

Wafanyabiashara wengi wa mitaa ya Msimbazi, Kongo, Sikukuu na Aggrey hulipia ulinzi wa usiku, wengine kwa kuchangiana jengo zima. Kampuni ya ulinzi ikipandisha ada kwa hoja kwamba risasi zimepanda bei, ombeni mchanganuo wa gharama kwa maandishi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mlinzi hukabidhiwa risasi tano, na kila moja imepanda shilingi 1,000. Ongezeko lote ni shilingi 5,000, tena si kwa mwezi, bali kwa muda wote ambao risasi hizo hazijatumika wala kubadilishwa. Mlinzi si mlenga visahani. Hafyatui risasi mia kwa mwezi. Ada iliyopanda kwa makumi ya maelfu kila mwezi huenda ina sababu nyingine, kama vile mishahara, mafunzo, bima au usafiri. Sababu hizo zaweza kuwa halali kabisa, lakini zitajwe kwa majina yake. Someni pia mkataba: je, unaruhusu ada kubadilishwa kabla ya muda wake kwisha, na kwa notisi ya siku ngapi?

Haki zako

Bei kupanda peke yake si kosa. Katika uchumi wa soko, bei za bidhaa nyingi hazipangwi na Serikali, na hatuwezi kumwahidi mlaji kwamba malalamiko yake yatashusha bei. Lakini yapo mambo ambayo sheria hairuhusu, bei iwe juu au chini.

Wauzaji wanaoshindana hawaruhusiwi kukubaliana bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo waziwazi. Bei zinazofanana peke yake si ushahidi, kwani wote huenda wananunua kwa dola ileile. Lakini ukisikia muuzaji akisema kwamba wamekubaliana wenzake wote wasishuke chini ya kiasi fulani, taarifa hiyo ipelekwe Tume ya Ushindani.

Muuzaji haruhusiwi kukupotosha. Boksi lionyeshe jina la mtengenezaji, kipimo cha mtutu, urefu, uzito wa marisau, namba yake na namba ya toleo. Risasi nyingi za Ulaya huwa pia na alama ya upimaji ya tume ya kimataifa ya C.I.P. Boksi lililobandikwa upya, lililofutwa maandishi au ambalo yaliyomo hayalingani na maandishi yake, likatae. Lifungue na ulikague mbele ya muuzaji, kwa sababu bidhaa hii si rahisi kuirudisha baada ya kutoka nayo dukani.

Una haki, na pia wajibu, wa kudai risiti ya mashine ya kielektroniki. Hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Kwa bidhaa hii risiti ni zaidi ya ushahidi wa kodi: ndiyo inayoonyesha kwamba risasi ulizonazo ulizipata kwa njia ya halali. Muuzaji anayekupunguzia bei ili usichukue risiti anakuuzia mashaka.

Risasi zikiwa na hitilafu, acha kuzitumia. Hifadhi boksi, namba ya toleo na risiti, kisha umjulishe muuzaji kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Masuala ya leseni, na taarifa za wanaouza risasi kwa uficho, peleka kituo cha polisi. Usiwe wewe wa kumfuatilia muuzaji wa namna hiyo.

Jambo la mwisho ni afya. Madini ya risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nawa mikono kwa sabuni baada ya zoezi na kabla ya kula, badili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na usimpe mtoto maganda ya kuchezea.

Kwa ufupi, mlaji anapotajiwa bei mpya ajiulize maswali manne. Ni kitu gani hasa kilichopanda? Bei ya risasi moja ni kiasi gani, na ina gramu ngapi? Mzigo huu uliingia lini? Na risiti iko wapi? Muuzaji mwaminifu hujibu maswali hayo bila kukunja uso. Asiyeyajibu, hata kama bei yake ni ndogo kuliko zote, usimwachie fedha yako.